Ukuta wa Haji Sasi

Mahbubin, Jerba, Tunisia
11 Juni 1984

Mdogo wangu Lazhar,

Nimeifungua. Kufuli lilikataa, nikalitia mafuta ya zeituni, likakataa tena, nikamtukana aliyelitengeneza pamoja na ukoo wake, likafunguka. Nakusalimu wewe, Zakia na watoto. Sasa kaa chini usome.

Nyumba ya mama haijafa, ila miaka miwili ya kufungwa imeifanya kama ishirini. Majani ya uani yananifika magotini. Njiwa wamehamia chumba cha juu, na nilipoingia walinitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni. Jikoni, magogo mawili ya mtende yanayoshika dari yameliwa na mchwa. Birika la mvua chini ya ua limebakiwa na maji kidogo ya rangi ya chai. Haya yote yanatengenezeka. Kinachonitisha ni kuba la chumba cha baba, upande wa Haji Sasi. Lina ufa unaoingia vidole vyangu vinne, na nikisimama ndani naliona jua.

Nimemleta fundi Mbarek. Amezunguka mara tatu, ndipo akaniambia, "Bibi Aljia, hili haliponi kwa ndani. Lazima nisimamishe jukwaa uani kwa Haji Sasi, nilishike kwa nje. Na iwe kabla ya mvua za vuli. Zikilikuta hivi, mtauza kifusi."

Pesa ulizotuma ni kidogo, lakini mimi nimelea watoto watatu kwa mshahara wa marehemu mume wangu Frej, kwa hiyo mimi na kidogo tunafahamiana. Nashinda huku kutwa. Jioni narudi chumbani kwangu kwa shemeji Tahar, ambako mkewe anajua sufuria yangu ina maharage mangapi.

Dada yako,
Aljia

Lyon
27 Juni 1984

Dada Aljia,

Barua yako nimeisoma kwa sauti dukani na wateja wamecheka, ila mimi sikucheka sana. Ngoja nikueleze jambo lilivyo ili usinione mkali. Yule bibi mwenye jengo anauza. Amenipa hadi mwisho wa Desemba ninunue hili duka nililopanga, la sivyo anampa mtu wa viatu aliye mlango wa pili, ambaye pesa anazo tayari. Miaka kumi na saba nimesimama nyuma ya kaunta hii. Nikiipoteza, sina pa kuuzia hata limau moja, na umri wangu wa kuanza upya umepita.

Mnunuzi nimempata. Ni daktari wa meno wa Sfax, Daktari Mokhtar, anataka nyumba ya kupumzikia kiangazi. Ameweka sharti moja: kuba lifungwe, mvua ya kwanza inyeshe, aje aliguse kwa mkono wake na alikute kavu. Ndipo atalipa. Kwa hiyo usipoteze senti kwenye urembo. Mwambie Mbarek atumie saruji, huku kila kitu wanaziba kwa saruji siku moja na kazi imekwisha.

Nimempa Tahar karatasi ya wakala akuletee. Weka saini yako chini, nimechora alama ya penseli mahali penyewe. Ukishasaini, mimi nitasaini kwa niaba yetu sote na wewe hutasumbuliwa na habari za mahakamani.

Mdogo wako anayekutegemea,
Lazhar

Mahbubin
21 Julai 1984

Lazhar,

Nilipomsomea Mbarek habari ya saruji alicheka hadi akakaa juu ya ndoo. "Mwambie bwana wa Lyon," akasema, "saruji inauziba ukuta wetu pumzi. Chumvi itakosa pa kutokea, na baada ya miaka miwili kuba litamwagika lenyewe kama unga." Kwa hiyo ni chokaa. Imelowekwa shimoni wiki tatu sasa, na mimi ndiye niikorogaye asubuhi na jioni. Mikono imebabuka, lakini chokaa imekuwa laini kama jibini.

Njiwa nimewauza kwa mwenye mgahawa wa Humt Suk. Wamelipia bawaba za milango yote minne. Yule mtende uliokufa nyuma ya tanuri tumeukata, na Mbarek ametoa humo magogo mawili, kwa hiyo dari ya jikoni imepona bila kununua kitu. Lipu ya ukumbini nimepiga mwenyewe. Mara ya kwanza ilianguka yote kichwani pangu, ya pili nusu, ya tatu ikashika. Mbarek aliipitishia kiganja akasema, "Mh." Kwa Mbarek hiyo ni hotuba.

Habari mbaya ni Haji Sasi. Nilikwenda kumwomba uwanja wake kwa siku nne. Alifungua mlango nusu.

"Haji, salaam alaikum. Fundi anaomba kusimamisha jukwaa uani kwako."

"Uani kwangu hakuna njia."

"Siku nne tu, Haji."

"Hata saa nne. Msalimie mdogo wako."

Kisha akafunga mlango, tena polepole. Angeubamiza ningejua ana hasira za kawaida. Nimerudi mara mbili na jibu ni lilelile. Mtu aliyekula nyumbani kwetu kila Idi! Unajua wewe kuna nini kati yenu?

Aljia

Lyon
5 Agosti 1984

Dada,

Nimewaza usiku na mchana. Nilipokuwa na miaka kumi na moja niliruka ukuta nikamwibia komamanga, kama saba hivi, na nikasema ni mbuzi. Au ni yule jogoo wa baba aliyekuwa akimwamsha kabla ya adhana? Au ni jambo la mkewe na mama, yale ya ungo? Mzee kama yule anaweza kukiweka kinyongo kwenye mtungi na kukifunika vizuri.

Nimempa mtu anayesafiri kilo mbili za kahawa nzuri na fulana ya sufi. Mpelekee kwa jina langu. Mpoze, mwombe, mchekeshe, wewe unaweza. Daktari Mokhtar amenipigia simu dukani kuuliza kuba limefikia wapi, nikamwambia linakaribia kwisha. Mungu anisamehe.

Na ile karatasi ya wakala mbona haijanifikia? Tahar ameisahau? Tafadhali ifuatilie, posta ni polepole na Desemba haingoji mtu.

Lazhar

Mahbubin
1 Septemba 1984

Lazhar,

Nilimpelekea. Nakuandikia maneno yote kama yalivyotoka, maana mimi sijayaelewa.

"Hii ya nini?" akauliza.

"Zawadi, Haji. Imetoka kwa Lazhar."

"Lazhar ana ulimi?"

"Anao, Haji. Tena mrefu."

"Basi mbona anazungumza nami kwa kahawa?"

Nikamwambia ni mapenzi tu ya ujirani. Akanitazama, macho yake yamejaa maji, Lazhar, nakuapia. Akasema, "Habari za kuuzwa nyumba yenu nimezipatia sokoni. Kwa muuza samaki. Nimesimama pale na dagaa wangu mkononi, muuza samaki ananiambia, Haji, utapata jirani daktari. Na mimi nikajifanya najua."

Akaingia ndani. Baada ya dakika chache kifurushi kikarudi kwetu juu ya ukuta, kimefungwa kamba, kikashushwa taratibu ili kisichanike. Nilimsikia mkewe upande wa pili akiugua kwa uchungu, kahawa ikiondoka.

Kila kitu kingine kimekwisha. Birika tumelikomba na kulisugua, paa zote nimezipaka chokaa nyeupe, milango inafunguka kwa kidole. Limebaki kuba tu. Jana mawingu yalipita upande wa bara, na Mbarek aliyatazama kama mtu anayemtazama mdai wake. Anasema tuna wiki tatu, nne tukibahatika.

Aljia

Lyon
12 Septemba 1984

Kwa Haji Sasi, mzee wangu wa ukuta mmoja,

Salamu na heshima nyingi. Nakuandikia nikiwa na aibu.

Tuko hapa Lyon na mzee Zayed wa Humt Suk, muuza duka wa kwanza wa kwetu kufika mji huu. Nilimsomea barua ya dada, pale penye habari ya muuza samaki. Akaweka glasi ya chai chini. Akaniuliza, "Kabla ya kumtafuta huyo daktari, ulikwenda kwa jirani?" Nikasema, jirani hana haja na nyumba. Akasema, "Sikukuuliza haja yake. Nimekuuliza ulikwenda?" Kisha akanitukana mbele ya wateja wangu, na kila neno lilikuwa haki yangu.

Haji, mimi nimezaliwa hapo. Nilimwona baba akivaa joho lake la Ijumaa kwenda kukuuliza alipotaka kuuza shamba la mizeituni, na ulikuwa hata hupakani nalo. Nilijua kwamba nyumba haitajwi mbele ya mgeni mpaka mwenye ukuta wa pili aulizwe, apewe nafasi yake, aseme ndiyo au hapana. Nilijua, nikasahau. Miaka kumi na saba ya kuuza vitu kwa yeyote anayesukuma mlango imenisahaulisha. Sikukusudia kukudharau, lakini nimekudharau.

Basi nakuuliza sasa, kwa kuchelewa. Nyumba ya wazazi wetu inauzwa. Je, unaitaka? Ukisema ndiyo, nitamwandikia daktari leoleo anisamehe, hata kama bei yako ni ndogo kuliko yake na hata kama duka langu litakwenda kwa mtu wa viatu. Nafasi ni yako kwanza.

Mwanao,
Lazhar

Mahbubin
28 Septemba 1984

Mwanangu Lazhar,

Barua yako imefika Jumanne. Nimeisoma, nikampa mke wangu akaisoma, kisha nikaisoma tena nikiwa nimevaa joho.

Umeniuliza kama naitaka nyumba. Siitaki. Hii niliyonayo inanishinda kufagia. Lakini mtu hawezi kukataa kitu ambacho hakuulizwa, na miezi mitatu hii nimekaa na hapana yangu kifuani bila pa kuiweka. Sasa nimeisema, nimelala vizuri. Muuzieni daktari kwa baraka zangu. Nitamfundisha adabu za ukuta mwenyewe, na jino langu la nyuma atalitazama bure.

Jumatano asubuhi niliufungua uwanja. Mbarek amesimamisha jukwaa, na mimi namkalia chini kumwonyesha anapokosea. Kuba litafungwa keshokutwa. Ile kahawa irudishwe kwangu, kwa ajili ya amani ya nyumba yangu. Aljia amenisomea ulivyokiri habari za komamanga: zilikuwa tisa, si saba. Hayo niliyasamehe zamani, maana mbuzi wenu hakuwa na mikono.

Kuna jambo moja zaidi. Tangu Juni namsikia dada yako kupitia ukuta huu. Anakoroga, anapiga lipu, anamgombeza Mbarek. Nilipofungua uwanja nikamwambia, "Nimeulizwa, Aljia, na nimefurahi." Akasema, "Alhamdulillahi, Haji." Nikamwuliza, "Na wewe uliulizwa?" Akasema chokaa itakauka, akapanda ngazi.

Mimi nina ukuta mmoja tu katika nyumba hiyo. Yeye ana theluthi ya urithi.

Sasi

Mahbubin
9 Oktoba 1984

Lazhar,

Imenyesha! Siku mbili na usiku wake. Maji ya kwanza tuliyaacha yaoshe paa, kisha nikafungua mdomo wa birika, na sasa limejaa hadi ngazi ya tatu. Nilikaa chumbani kwa baba na taa, namulika kuba kila pembe, natafuta hata tone moja. Hakuna.

Daktari Mokhtar alikuja na gari leo asubuhi. Akapanda juu ya kiti, akaliwekea kuba kiganja kama anayempima mtoto homa. "Kavu," akasema. Akauliza nani aliyepiga lipu ya ukumbini, Mbarek akanionyesha kwa kidevu. Anasema yuko tayari kusaini mwisho wa Novemba.

Basi kazi uliyonipa imekwisha. Duka lako liko salama, nakupongeza.

Aljia

Lyon
20 Oktoba 1984

Dada yangu Aljia,

Nimepata barua mbili siku moja, yako na ya Haji Sasi. Yako ilitakiwa kunifanya nicheze. Nimeisoma mara nyingi, na kila nikifika penye "kazi uliyonipa" nashindwa kuendelea.

Nilimwomba radhi mzee wa upande wa pili wa ukuta kwa kurasa mbili. Wewe nilikutumia alama ya penseli.

Sina la kujitetea. Mama alipofariki nilikaa hapa na hesabu zangu, nikaamua, nikakupa ufunguo na orodha ya kazi. Sikuwaza kwamba unalala kwa Tahar katika chumba kimoja na kwamba hii ni nyumba ulimozaliwa. Niliwaza kuba. Sasa nimeelewa kwa nini ile karatasi haikufika, nami sitaiulizia tena.

Nakuuliza, dada. Nyumba ya mama, tuiuze? Usinifikirie mimi. Daktari hajasaini kitu. Ukisema hapana, namwandikia siku hiyohiyo, na nyumba ikae, na wewe ukae ndani yake. Nimekwisha kwenda kwa mtu wa viatu kumwuliza kama atahitaji mtu wa kusimama dukani. Zakia anajua. Amelia kidogo, kisha akasema andika.

Lazhar

Lyon
12 Novemba 1984, kwa telegramu

Dada Aljia,

Siku ishirini na tatu hujajibu. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Kama jibu ni hapana, niambie hapana, nitalibeba. Nashtuka kila mtu wa posta anapopita. Nakuomba neno moja tu.

Lazhar

Mahbubin
14 Novemba 1984

Lazhar wangu,

Telegramu yako imefika. Sijakasirika. Nilikuwa nafikiri, na sina mazoezi.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita baba aliingia jikoni siku ya Alhamisi akasema, "Frej." Frej alikuwa mtu mwema na nilimpenda, lakini sikuulizwa. Frej alipofariki, Tahar alikuja na mkokoteni kuchukua sanduku langu, na sikuulizwa. Barua yako ilipofika niliiweka chini ya mto kama msichana. Nimekaa nayo wiki mbili na nusu kwa raha tu ya kukaa nayo. Unisamehe wewe na Zakia, sikujua mnahesabu siku.

Sasa nikuambie kweli. Ile karatasi ya wakala niliwashia jiko mwezi wa saba. Tahar aliileta kwa uaminifu, usimlaumu. Na zile siku Haji alipofunga uwanja, nilikuwa nakuandikia kwamba mawingu yanatutisha, lakini moyoni nilikuwa nayaita. Nilikuwa napiga lipu ukumbini na kuomba kuba lianguke chumbani kwa baba, daktari aende zake, ukose duka, nawe uonje. Niliomba hivyo, mimi dada yako niliyekubeba mgongoni. Haji aliponiuliza lile swali nilipanda ngazi haraka ili asinione ninalia.

Uliponiuliza, hasira ikaniisha, na hapo ndipo nikaweza kuitazama nyumba. Nikatembea chumba hadi chumba nikijaribu jibu mdomoni. Nikasema hapana kwa sauti. Nikasikiliza. Halafu nikasema ndiyo. Hilo la pili ndilo nililolirudia.

Iuzwe, Lazhar. Ni nyumba ya mama, na mimi ningekuwa humo mlinzi wa mama hadi nizeeke. Ninachotaka ni mlango ambao ufunguo wake haujatoka kwa baba, wala mume, wala shemeji. Nao nimeupata. Pale Gelala kuna nyumba ya mfinyanzi, vyumba viwili na ua mdogo, inauzwa kwa bei ya mkokoteni kwa sababu kuba lake limeanguka na kila mtu analiogopa. Mimi siliogopi. Mbarek ameliona, akasema "Mh," kisha akaongeza kwamba nikikosa kazi nikamkorogee chokaa, maana msaidizi wake hajui. Theluthi yangu inatosha kuinunua na kuitengeneza, na itabaki pesa ya sufi ya kufumia.

Nimekwenda mwenyewe kwa daktari. Tutasaini tarehe 28 Humt Suk. Fungu langu nasaini kwa mkono wangu na pesa yake inakuja mkononi mwangu, Tahar nimeshamweleza na amekohoa sana. Wewe huwezi kuliacha duka msimu huu, kwa hiyo nitumie haraka karatasi ya wakala kwa mtu anayesafiri. Weka saini yako chini, nitasaini kwa niaba yako ili usisumbuliwe na habari za mahakamani.

Mwambie mtu wa viatu atafute mtu mwingine. Nunua duka lako, mdogo wangu, na usimame humo ukijua nimekupa kwa hiari yangu.

Aprili njoo na Zakia na watoto. Mtalala kwa kubanana, vyumba ni viwili tu na kimoja huenda bado kiko wazi juu. Ukifika usisukume mlango uingie kama ulivyozoea kwa mama. Piga hodi, usubiri nije nikufungulie.

Dada yako,
Aljia